Nguzo ya Puti

Assalam alaykum, jamaa. Na wenzetu wa kanisani, hamjambo? Haya. Mwenyekiti wa kikundi chetu ameniambia leo ni zamu yangu, na zamu hii nimeikimbia sana, mwanijua. Mara koo laniwasha, mara nina abiria wa kumpeleka Kilindini. Leo sina abiria wala kikohozi, basi nitasema. Jina la mtu sitalitaja. Ukimtambua mtu ndani ya maneno yangu, meza mate unyamaze.

Mimi ni dereva wa teksi, na hilo si siri. Gari langu nililinunua kuukuu, jeupe, nikalipenda kuliko mtu mwenye akili anavyofaa kupenda bati. Mke wangu, ambaye kazi yake ni kushona kofia kwa mkono, alikuwa akinitania: "Weye ukifa utataka uzikwe nalo." Namwambia kaburi litakuwa dogo. Tulikuwa tukicheka sana nyumbani kwetu wakati ule.

Mamangu alikuwa mtunga maua. Asumini, vikuba, makoja ya maharusi. Hapa Mji wa Kale, bibi harusi wa miaka ile aliyeingia ndani bila maua ya mikono ya mamangu, basi huyo kaolewa kwa siri. Kila alipokuwa na harusi, mimi ndiye niliyempeleka. Na hapa nataka mnisikilize vizuri, maana kisa chote kimesimama hapa. Mamangu hakuwa akifunga mlango wa gari. Namfungulia mimi, anaingia nyuma upande wa kushoto, nalikusanya buibui lake lisibanwe, kisha nafunga mimi. Ndivyo nilivyolelewa. Mzazi hafungi mlango na mwanawe yupo.

Mwaka wa tisini na sita nilikuwa nimeegesha karibu na lango la bandari, lori likarudi nyuma bila kutazama, likanikandamiza ubavu wa kushoto. Mlango wa nyuma ukapinda, na nguzo yake, ile inayoshika komeo, ikaingia ndani. Mimi nilitoka mzima, alhamdulillahi. Bima ya mwenye lori ikasema gari lipelekwe kwa wale wauzaji wakubwa wa magari, wenye duka la vioo mbele na karakana nyuma. Ndugu zangu, nawaambia kweli, nilifurahi. Siku zote gari langu lilikuwa likigongwagongwa na mafundi wa chini ya turubai, na leo linaingia kwenye jumba la vioo. Nikajiona nami mtu.

Mpokezi wa magari pale alikuwa mtu wa mji. Mtu mzima, kofia safi, maneno yake taratibu. Tulikuwa tukiswali msikiti mmoja, mara nyingi safu moja. Aliniahidi nguzo mpya na mlango mpya, na kila kitu cha chuma kitakuwa chuma.

Siku ya kulichukua lilikuwa lang'aa. Akanikaribisha ofisini, akaniletea kahawa na kashata, akaniulizia hali ya mamangu na kumuombea afya. Kisha akatoka nami nje, akanipa ufunguo kwa mkono wa kulia na kusema bismillahi. Nilisimama kando ya mlango wa nyuma. Mkono wangu ukaenda kwenye ule mpira unaofunika nguzo, nikataka kuufunua nione ndani. Nikaona yuwanitazama. Nikaurudisha mkono.

Mnaelewa kwa nini, msijifanye hamwelewi. Kwetu mtu akikukabidhi kitu namna ile, tena mtu mnayeswali pamoja, kukigeuzageuza mbele ya macho yake ni kumtukana. Hata samaki tukinunua kwa mtu tunayemjua, hatumfunui mashavu naye anatazama. Tunakwenda naye nyumbani, tukimkuta ameoza tunamtupa, na kesho tunamsalimu muuzaji. Tunaiita adabu. Basi kwa adabu yangu nikashukuru, nikaingia garini, nikaondoka. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Mwaka uliofuata, alasiri moja, nilikuwa nampeleka mamangu kwenye harusi. Alikuwa na sinia la asumini mapajani. Nilimfungulia, nikakusanya buibui, nikafunga. Njiani alikuwa akinisimulia habari za bwana harusi, kwamba ni mtoto mzuri ila ana masikio makubwa, na mimi nacheka. Tulipofika kwenye mzunguko karibu na Makadara nikakata kona kama nilivyoikata maisha yangu yote. Nikasikia upepo umeingia garini. Sauti ya mamangu ikakatika katikati ya neno. Nikageuka, kiti kitupu.

Nilimkuta kwenye lami, amelalia ubavu mmoja, na asumini zimetapakaa njia nzima. Hakulia. Alikuwa akiniambia nimfunike miguu.

Nyonga ilivunjika. Madaktari walifanya la kufanya, Mungu awalipe, lakini mamangu hakusimama tena. Mwanamke aliyekuwa akipanda ngazi za nyumba za ghorofa hapa mjini akiimba, sasa anageuzwa kitandani na watu wawili.

Dada yangu mkubwa alinikuta kwenye baraza ya hospitali. Huyu ndiye aliyenifundisha kutembea, na namwogopa mpaka leo. Akaniuliza, "Ulifunga mlango?"

"Nilifunga."

"Ulifunga, ama wadhani ulifunga?"

Nikanyamaza. Hapo ndipo nilipoanguka mimi, ndugu zangu, si pale Makadara. Kitu unachokifanya kila siku, ukiulizwa siku moja kama ulikifanya, hukikumbuki. Nilijaribu kuuona mkono wangu ukisukuma ule mlango, nikauona wa jana, nikauona wa juzi, wa siku ile sikuuona. Na yeye akakuchukulia kule kunyamaza kwangu kuwa ndiyo jibu. Toka siku hiyo akiwa chumbani kwa mama mimi naingia, yeye hutoka.

Gari nikalirudisha kwa wale wauzaji, nikamwomba yule mpokezi walitazame komeo. Lilikaa kwao kutwa. Jioni akaniita pembeni, akanishika bega. "Pole sana, bwana. Mlango ni mzima, komeo zima. Tumefungua na kufunga, hauna neno. Haya ni mambo ya haraka, mtu husahau." Nikamshukuru! Nawaambia, nilimshukuru, nikampa mkono.

Mamangu alipopata nguvu ya kusema, aliwaita watu wote kitandani, akasema, "Msimlaumu huyu. Miye ndiye niliyekishika kile kikono cha mlango, n'kakivuta, sijui n'kitafuta nini." Watu wakasema inna lillahi, ajali haina kinga. Lakini mimi namjua mamangu. Mikono yake ilikuwa imeshika sinia. Nilijua anasema uongo kunifunika, na kwa hivyo anaamini kuwa ni mimi. Hilo liliniua kuliko maneno ya dada.

Nikaacha kazi. Gari nikaliegesha kwenye uwazi nyuma ya nyumba, nikawa mtu wa barazani na miraa shavuni. Nyumba ililishwa na sindano ya mke wangu. Na kila siku nilikuwa na ibada yangu ya kiwendawazimu: naenda kwenye gari, naufungua ule mlango, naufunga, naufungua, naufunga. Jirani mmoja akanipigia kelele dirishani, "Ewe! Mlango huo umekukosea nini?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, kisha nikaenda chooni nikalia. Mamangu akiniita nilikuwa nikimtuma mke wangu. Nilikuwa siwezi kumtazama usoni.

Ikaja ile mvua ya Elnino. Mnaikumbuka, nani hakuvujiwa? Paa letu likawa chujio. Mke wangu akachoka kuhamisha kofia zake huku na huku, akaniambia, "Gari lako halifanyi kazi, basi na liwe chumba changu cha kushonea." Akahamia kiti cha nyuma na vitambaa vyake, ndoo na kila kitu. Sasa washona kofia wana sumaku, kijipande tu, ya kuokotea sindano zikianguka mkekani. Siku moja sindano ikamponyoka pale mlangoni. Akawa anapitisha sumaku, na sumaku yenyewe inang'ang'ania kila mahali, maana gari ni chuma. Akaifikisha kwenye nguzo ya mlango. Ikaanguka. Akaiokota, akaibandika tena. Ikaanguka.

Akaniita. "Njoo uone. Gari hili ni chuma, ama si chuma?"

Nikamwambia aniache. Mke wangu hajui kuachana na kitu. Akanivuta kanzu mpaka pale, akaibandika mbele yangu, ikaanguka miguuni. Tena rangi ya pale ilikuwa imefanya malengelenge kwa ile mvua. Alipolibonyeza moja kwa kidole, likatoa maji.

Nilileta bisibisi na nyundo. Pigo la kwanza tu likabomoka pande zima. Ilikuwa puti, ule udongo wa mafundi wa bodi wa kuzibia mabonde madogo kabla ya rangi. Huo ndio uliokuwa nguzo yangu. Ndani yake wameshindilia karatasi za mifuko ya saruji, na nyuma ya karatasi, bati lililokatwa kwenye debe la mafuta ya kupikia, hata picha ya mnazi bado yaonekana. Zile skrubu zinazoshika komeo ziliingia kwenye bati lile na puti ile, basi. Nilizishika kwa vidole, zikacheza. Mlango ukifungwa hutulia kama mlango mzima. Ukiuegemea kwenye kona, nguzo inaachia, kisha inarudi mahali pake kama haikufanya kitu.

Mke wangu alivaa buibui mvuani akaenda kumleta dada yangu, na yule dada, ambaye hakuwa amekanyaga kwangu kwa muda wote ule, akaja. Nikamwonyesha tundu kwenye nguzo. Yeye akainama, akatia vidole vyake kwenye lile tundu, akatoa karatasi ya saruji, akaikunjua, akaitazama. Akakaa chini, pale pale kwenye matope, na nguo zake.

"Ulifunga," akasema.

"Nilifunga."

Akanishika mguu kama anayetaka kuomba radhi, nikamwinua haraka, maana mkubwa wako hakushiki mguu. Tukalia sote watatu mvuani, na jirani wa dirishani safari hii hakutania.

Tukaingia kwa mamangu. Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamweleza: nguzo, debe, karatasi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia, "Mama, weye hukukigusa kile kikono."

"Sikukigusa," akasema. "N'lisema vile wasikule mzimamzima."

Kisha akageuza uso ukutani. Nikadhani amechoka. Kumbe alikuwa akilia, na tangu ajali sikumwona akilia. Akasema, "Na miye siku zote hizi n'lijua ni weye ulosahau. Kila sala n'kimwomba Mungu akusamehe. Mwanangu, kumbe n'kikuombea msamaha wa kosa usilolitenda. Unisamehe." Mamangu, na nyonga yake imevunjika, ananiomba mimi radhi! Mpaka leo nikilikumbuka neno lile hukaa chini.

Nikaenda kwa wale wauzaji na kipande cha nguzo ndani ya kikapu. Meneja alikitazama kwa mbali kama nimemletea panya. Akasema kazi ile haikufanywa kwao, huenda nimelipeleka gari kwa mafundi wa mtaani halafu nataka kuwasingizia. Nikamgeukia yule mpokezi. "Sema weye, bwana. Si weye ulinipokea?" Akatazama sakafu. Nikamngoja. Mlinzi akanitoa na kikapu changu.

Nilitaka kwenda kwa wakili, nilitaka kuvunja vile vioo, nilitaka mengi. Mamangu akanizuia. Akasema, "Waambie watu uliufunga mlango, yatosha. Yule mtu muache na Mola wake." Lakini nani angeniamini? Kampuni ya vioo kwa dereva mla miraa. Wengine walisema nimetengeneza kisa ili nijitakase.

Mvua ilipokatika, mamangu hakukaa sana. Kulala siku zote kulimletea maji mapafuni. Tulimzika Ijumaa.

Mnajua desturi. Jeneza likishaswaliwa, aliye karibu na maiti husimama akawauliza waliohudhuria: kama yupo anayemdai marehemu, na aje kwetu tumlipe, na asiyeweza kudai na amsamehe. Nilisimama mimi. Nikauliza. Kimya. Kwa kawaida hapo ndipo jeneza hunyanyuliwa. Nikaona mtu amesimama kwenye safu ya pili. Ni yeye, yule mpokezi. Kofia yake ameivua, ameikunja mkononi.

Akasema, "Jamaa, miye simdai mama huyu. Yeye ndiye anidaiye."

Waliokwisha kushika miti ya jeneza wakaiachia, naye akaendelea.

"Gari la mwanawe tulilifanyia hila. Nilijua. Na mama huyu alipoanguka, gari likarudishwa kwetu litazamwe. Niliziona skrubu zikicheza ndani ya puti. Nikaambiwa zikazwe, na nimwambie mwanawe mlango ni mzima. Nilikuwa nahofia kazi yangu, nikamwambia. Jamaa, yule kijana aliufunga mlango."

Mnataka niwaambie nilihisi nini? Nilitaka kumkaba, mbele ya jeneza la mamangu, ndani ya msikiti. Na wakati huo huo miguu yangu ilikuwa myepesi, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya baraza ya hospitali. Watu wote wamesikia. Akanijia, akanyoosha mikono miwili, akaniomba radhi. Nikamwambia, "Mwenye haki yumo ndani ya jeneza hili. Muombe yeye." Najua lilikuwa neno gumu. Akageuka akaliangalia jeneza, asijue aseme nini na mtu asiyeweza kumjibu. Tulipolinyanyua alitia bega lake chini ya mti wa nyuma. Kuna waliotaka kumwondoa. Mimi niliwaambia wamwache.

Baada ya matanga nikarudi kazini. Nguzo ilikatwa yote, ikachomelewa ya chuma, na nilisimama juu ya kichwa cha fundi tangu cheche ya kwanza mpaka ya mwisho. Akanuna, nikamwacha anune.

Shukrani zangu ni nyingi. Kwa mke wangu, ambaye ningemsikiliza mapema zaidi, ningepona mapema zaidi. Kwa dada yangu, ambaye alikwenda nyumba baada ya nyumba kuwaambia watu kuwa yeye ndiye aliyekosea. Na kwenu ninyi wa kikundi hiki. Mlikuwa mkija kwa zamu kumgeuza mamangu kitandani, wanawake wa Bondeni na wa Buxton, wa msikitini na wa kanisani, hata zile siku mimi mwenyewe nilipokuwa nimejificha barazani. Hakuna aliyeniuliza swali. Mungu awalipe, maana mimi sina cha kuwalipa.

Na la kujifunza, kama mtalikubali kwa mtu kama mimi: kagueni. Funueni mashavu ya samaki na mwenye samaki akitazama. Mtu mwaminifu hatachukia, atakushikia taa. Adabu yetu ni nzuri, msiitupe, lakini isifike mahali pa kumfunikia mtu anayetuficha jambo. La kuvunda halina ubani. Na mtu akipatwa na msiba, msimuulize ulifanya ama wadhani ulifanya. Swali hilo mtu aliye kwenye maumivu hana jibu lake.

Kuna aliyeniuliza hapo mlangoni kabla hatujaanza: yule bwana, umemsamehe? Nitamjibu mbele yenu. Bado. Nimejaribu, moyo haujafika. Ijumaa asubuhi nikienda kumzuru mamangu kaburini, mara nyingi namkuta keshatangulia, amechutama upande wa miguuni, anasoma. Akiniona husimama akanitolea salamu. Nami, na hasira zangu zote hizi mnazozijua, namjibu kamili, mpaka kwenye rehema na baraka. Kisha tunakaa, huyu huku na huyu kule, tunamwombea mamangu.